Sista Aliyependa Kuletewa Makosa

Kabla sijamsifu nimseme kidogo, maana mwenyewe hakupenda sifa tupu. Sista wetu alikuwa mkaidi, alikuwa na madaha ya msichana wa shule katika umri wa kuwa nyanya, na chai yake ilikuwa mbaya sana. Alichemsha majani mpaka yakatoa uchungu wote yaliyokuwa nao, akatia sukari ya kufa mtu, halafu akasimama mlangoni kuhakikisha kila mmoja wetu amemaliza kikombe. Nilifanya kazi chini yake miaka sita katika kituo kidogo cha afya kaskazini mwa Kitui, mbele ya Kyuso, tangu nilipotoka chuo cha uuguzi mapema katika miaka ya sabini. Yeye ndiye aliyekuwa inchaji wa wodi. Wagonjwa walimwita Sista, daktari alimwita Sista, na chifu, ambaye alimzidi umri kwa miaka mingi, alivua kofia na kumwita Sista. Mimi nitamwita hivyo hivyo.

Ninamwandika kwa sababu aliniokoa mara mbili. Mara ya kwanza ni siku nilipomdunga mtoto sindano ambayo haikuwa yake. Mara ya pili ni miaka mingi baadaye, nilipokuwa inchaji mwenyewe na kujiona nimefika, kumbe wagonjwa wangu walikuwa hatarini nami nimekaa ofisini nikitabasamu. Hiyo ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi.

Lakini nianze na nyimbo. Kituoni hapakuwa na umeme. Sirinji zilikuwa za kioo, tukizichemsha katika sufuria juu ya stovu ya mafuta taa, dakika ishirini tangu maji yaanze kutokota. Saa ya ukutani ilikufa mwaka niliofika, na barua ya kuomba nyingine ilikwenda Kitui isijibiwe. Saa ya mkono ilikuwa ya Sista peke yake, nayo ilizunguka wodini mchana kutwa kuhesabia mapigo ya moyo. Sasa yeye alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya akina mama kanisani kwake. Akachagua wimbo mmoja wa beti tano, akaupima, akatutangazia kwamba ukiimbwa mara tano kwa mwendo wa ibada, dakika ishirini zimetimia. Kwa hiyo katika kituo chetu ukisikia wauguzi wanaimba asubuhi usidhani ni uchaji Mungu. Tulikuwa tunachemsha sirinji.

Miezi michache ilikwenda vizuri. Halafu siku za kliniki foleni ya akina mama ikawa ndefu, watoto wanalia, jua linapanda, nasi tukaanza kuimba kwa mwendo wa arusi. Baadaye ubeti wa tatu ukaachwa, kwa kuwa ulikuwa na maneno magumu. Baadaye wimbo ukaimbwa mara tatu badala ya tano. Hakuna aliyekaa akaamua kufanya uovu huo. Tulikuwa tunawahurumia akina mama waliotembea tangu alfajiri, na hatukuona jipu hata moja la sindano, basi tukajua tuko salama.

Asubuhi moja Sista alikuwa stoo, ukuta wa pili, akipanga mablanketi. Akatoka, akaja mpaka kwenye stovu, akashika kiuno, akaanzisha wimbo upya kutoka ubeti wa kwanza, kwa sauti nzito na mwendo wa mazishi. Tukalazimika kumfuata. Akina mama waliokuwa nje nao wakaitikia, na mzee mmoja aliyeletwa na kikohozi akavua kofia akidhani kuna mtu amekufa. Tulipomaliza mara ya tano Sista akauliza, "Ubeti wa tatu ulitoka lini?"

Tukaangalia sakafu.

"Siulizi nani ametoa. Nauliza ulitoka lini."

Mwenzangu mmoja akajibu polepole kwamba labda ni tangu kliniki ihamishiwe siku ya soko. Sista akafikiri, akasema, "Eeh. Kumbe ni mimi nilihamisha." Kuanzia wiki ile sufuria ya kwanza iliwekwa motoni kabla ya maombi ya asubuhi, akaomba seti ya pili ya sirinji misheni, na ubeti wa tatu ukarudi na maneno yake magumu. Alituambia jambo ambalo nimewarudia wauguzi wengi tangu hapo: "Mazoea yana taabu. Siku ya kwanza ukiruka ubeti unaogopa. Siku ya pili unaangalia nyuma. Siku ya tano unamfundisha mgeni."

Madaha yake yalikuwa ya macho. Alijua haoni vizuri karibu, na kila mtu alijua, lakini miwani hakutaka kuisikia, kwa sababu dada yake alivaa miwani na Sista alisema inamfanya aonekane bundi. Basi alisoma chupa za dawa kwa kunyoosha mkono mbali, na siku mkono ulipokosa urefu alizitambua kwa kifuniko. Mwanamke aliyesafisha wodi, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, alikuwa anapiga deki siku Sista alipochukua chupa kabatini ili kuosha kidonda.

"Sista," akasema, bado ameinama, "hiyo si ya jana."

"Ni ile ile. Kifuniko si ni chekundu?"

"Kifuniko ni ya jana. Chupa si ya jana. Ya jana ilikuwa na kovu hapa shingoni."

Sista akaiangalia kwa mkono ulionyooka, akampa daktari aisome. Ilikuwa dawa kali ya kusafishia vyombo, si ya kuosha kidonda cha mtu. Mtu alikuwa amebadilisha vifuniko. Sista alikasirika. Hakusema neno kwa siku mbili, na yule mwanamke wa usafi aliniambia ameanza kufunga nguo zake kwa kuwa kazi imekwisha. Siku ya tatu Sista alisimama mbele yetu sote, akaeleza kisa chote bila kujipunguzia hata punje, akamshukuru mama yule kwa kumwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama anavyoitwa mtu wa heshima. Kisha akapanda basi kwenda Kitui. Alirudi na miwani mikubwa kuliko uso wake. Tulicheka mpaka machozi, naye akatuacha tucheke.

Hapo nimetaja ile desturi ya kusimama mbele yetu, niieleze. Kila Ijumaa baada ya saa nane alitukalisha kwenye benchi la nyuma ya chumba cha dawa, pamoja na ile chai yake, na kila mtu aliulizwa jambo moja: wiki hii ni kitu gani kilitaka kukuponyoka? Yeye alianza. Daima alianza yeye. "Jumanne niliandika dozi ya mtu mzima kwenye chati ya mtoto, nikaiona nilipokuwa nafunika kalamu." Wiki za kwanza hakuna aliyemfuata. Tulikunywa chai yetu, tukameza uchungu wake. Hakutulazimisha. Wiki ya nne au ya tano mwenzangu mmoja kutoka Salama akasema alisahau kumpa mgonjwa dawa ya mchana, na sote tukamwangalia Sista tuone atakavyomrarua. Sista akauliza, "Nini ilikufanya usahau?" Msichana akasema trei ya mchana inapita wakati uleule ndugu za wagonjwa wanaingia na vyakula. Wiki iliyofuata saa ya trei ikasogezwa. Tangu siku hiyo midomo ilifunguka, na siku nyingine ilibidi atukatize ili twende nyumbani.

Usidhani alikuwa mpole. Kulikuwa na dresa mmoja, mwanamume mcheshi, fundi wa kufunga vidonda, ambaye Sista alimpenda kama mwanawe. Dresa huyu alitumia sindano moja kwa watu wawili. Alipoambiwa akakiri, akaeleza, akasaidiwa. Akarudia. Akaambiwa tena kwa upole, akaonyeshwa mahali sindano safi zilipo, hatua nne kutoka alipokaa. Mara ya tatu Sista alimkuta anafanya vilevile, na alipomuuliza sababu akacheka akasema, "Aiee Sista, hawa watu wa hapa ni wagumu, hawafi na kitu kidogo hivyo." Sista akamwambia avue koti jeupe palepale. Hakungojewa chai ya Ijumaa, hakupewa wiki nyingine. Jioni nilimkuta Sista stoo amekaa juu ya gunia la maziwa ya unga, analia. Na misimu mingine yote niliyokuwa pale, mke wa yule dresa alipelekewa debe la ndengu kutoka shamba la Sista, bila salamu wala maelezo.

Na usidhani alikuwa na heshima ya majina. Huyu mwanamke aliyetusumbua kila siku kwamba mgonjwa ana jina, hakuwahi kutuita sisi kwa majina yetu. Alituita kwa masoko ya kwetu. Mimi nilikuwa Kabati. Yule mwingine alikuwa Salama. Kulikuwa na mmoja aliyezaliwa Nairobi, Sista akashindwa achague soko gani, akamwita Stesheni.

Alikuwa na jicho la kuona uongo wa huruma, ule tunaodanganya ili amani iwepo. Mwaka mmoja tulilaza mke wa mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu aliyetoka upande wa Garissa, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeandama. Mama yule alikataa kumeza vidonge mchana. Salama, ambaye hakutaka ugomvi na mtu anayefunga, alikuwa anaviweka mezani na kutia alama kwenye chati kwamba vimemezwa. Siku ya tatu daktari akashangaa kwa nini dawa haifanyi kazi. Sista akainua mto, akavikuta vidonge vimepangwa safu nzuri. Akakaa kitandani na yule mama, wakaongea kwa muda mrefu, wakapatana: dozi moja baada ya kufuturu, nyingine wakati wa daku. Kwa Salama alisema tu, "Chati ikisema uongo, daktari anatibu mtu ambaye hayuko."

Sasa nifike kwenye kisa changu, ambacho kwa miaka mingi sikumwambia mtu.

Kwetu Ukambani mwanamke hataji jina la baba mkwe wake. Ni nthoni, heshima na haya zikiwa kitu kimoja. Na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Weka hayo mawili pamoja. Mama anamlea mtoto ambaye jina lake hawezi kulitamka, humwita Nau, yaani baba yangu, au humtafutia jina la kubembeleza. Sasa muuguzi anakuja na sindano na amefundishwa chuoni kwamba lazima aulize, "Mtoto anaitwa nani?" Mama anainama. Anashika kanga. Anatafuta kwa macho mtu wa kumsaidia kulisema. Foleni inangoja. Basi sisi tuliokuwa na tabia njema tulimwondolea mama aibu. Tulisoma jina kwenye chati, tukasema sisi: "Huyu ni Kimanzi?" Mama anatikisa kichwa kukubali, yamekwisha. Akina mama walitupenda kwa hilo. Mmoja aliniletea kuku.

Siku hiyo walilazwa watoto wawili kutoka boma moja. Baba zao ni ndugu, kwa hiyo babu ni mmoja, kwa hiyo wote wawili walikuwa Kimanzi. Wote walikuwa na malaria, wote wa umri wa kama miaka miwili. Wa mke wa kaka mkubwa alifika mapema, akadungwa klorokwini saa moja asubuhi. Wa mke wa kaka mdogo alikuwa adungwe saa nne. Vitanda vyao vilipakana. Jua lilipoingia dirishani likampiga yule wa kwanza usoni, na wale wanawake wawili, wake wa boma moja, wakasaidiana wakabadilishana vitanda, chati zikabaki zilipokuwa.

Saa nne nikaja na trei. Nikasoma chati iliyoning'inia kitandani. "Huyu ni Kimanzi?"

Mama akainamisha kichwa na kukitikisa kwa adabu zote za mkwe mwema. Nami nikamdunga mtoto dozi ya pili ndani ya saa tatu.

Nilikuwa tayari nimegeuka niondoke, mama wa kitanda cha pili aliponivuta epuroni. "Na wangu?" akasema. "Wewe ulisema saa nne. Wangu hajadungwa."

Nilisimama pale. Nakumbuka kila kitu kilichokuwa juu ya trei. Klorokwini ya sindano si mchezo kwa mtoto mdogo, ikizidi inauangusha moyo, na mimi nilijua. Nilijua vilevile kwamba ningeweza kuvuta dozi nyingine, nikamdunga huyu wa pili, nikatia alama mahali pawili, na hakuna mtu duniani angejua. Watoto wengi walikufa kwa malaria siku hizo. Wangesema ni malaria. Hilo wazo lilinijia, sikulitafuta, na mpaka leo nalionea aibu.

Kilichonipeleka kwa Sista si ujasiri. Ni kwamba miguu ilishazoea njia ya kwenda kwake kila Ijumaa. Nikamkuta anahesabu bandeji, nikasema, "Sista, nimedunga Kimanzi mara mbili."

"Gani?"

"Yule wa asubuhi."

"Twende kwa mtoto," akasema, na bandeji zikabaki zinabingirika sakafuni.

Mtoto alikuwa ameanza kulegea. Sista akainua miguu ya kitanda kwa matofali, akamwita daktari, akamwambia dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, bila daktari kuanza kubahatisha. Daktari akaweka dripu. Sista akashika kile kifundo cha mkono na saa yake, na hakukiachia. Mchana wote alihesabu. Kuna wakati midomo yake iliacha kuhesabu na mimi nikaacha kupumua. Kisha ikaendelea. Saa kumi jioni mtoto alifungua macho, akamwangalia Sista na miwani yake mikubwa, akapiga kelele ya woga. Ilikuwa kelele nzuri. Baadaye kidogo akataka uji.

Hapo tu ndipo Sista aliponigeukia. Nilitegemea kofi. Akaniambia, "Sasa mwambie mama yake."

"Sista, nitasema nini?"

"Sema ile umefanya."

Nikapiga magoti mbele ya yule mwanamke, nikamweleza kwa Kikamba, kila neno. Alimkumbatia mwanawe. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Nilijua hukuwa unamuuliza wangu. Lakini wewe ulisema hilo jina, na ni jina lake. Ningesema aje, hapana? Na siwezi kulitaja nikueleze."

Sista alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Mwaitu, mama, hata mimi mwanangu wa kwanza ana jina ambalo sitaji. Na huyu msichana nimemsikia akiuliza hivyo miezi mingi, nikaona ni adabu, nikanyamaza. Kosa ni letu wawili."

Kesho yake tuliacha kuuliza jina la mtoto. Tulimuuliza mama jina lake yeye mwenyewe, na ni mtoto wake wa ngapi, mambo ambayo mdomo wake unaweza kusema bila haya na ambayo hayajibiwi kwa kutikisa kichwa. Na kila mtoto alishonewa utepe wa bandeji mkononi wenye namba ya chati, kwa sindano na uzi, na Sista mwenyewe ndiye aliyeshona. Alishona vibaya, mishono mirefu kama ya gunia.

Msimamizi alikuja kutoka mjini akitaka nifukuzwe. Alipiga meza. Sista alimtengenezea chai yake, akamngoja amalize kikombe, kisha akasema, "Katika wauguzi wote wa wilaya hii, mzee, ni huyu peke yake najua hatafanya hivyo tena. Unataka nikuletee mgeni wa kuanza upya?" Msimamizi akaandika onyo, akaenda. Nilibaki.

Nimfikie sasa kwa mara ya mwisho. Ilikuwa mapema katika miaka ya tisini. Mimi nilikuwa inchaji wa wodi katika hospitali ndogo upande wa Makueni, na wauguzi kumi na wawili walikuwa chini yangu, nao pia wananiita Sista. Nilipopata likizo nikapanda basi, nikamtafuta shambani kwake. Magoti yalikuwa yamemshinda. Nilimkuta kwenye kivuli cha ghala, ungo mapajani, anapepeta ndengu.

Tuliongea mengi. Kisha akauliza, "Na huko kwako, mambo iko aje?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu nipande basi. "Wodi yangu ni safi, Sista. Mwaka huu wote hakuna kosa hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja. Nawafuatilia sana. Ukikosea kwangu utanijua mimi ni nani."

Akaweka ungo chini. Nilidhani atanipongeza. Akaniangalia kwa huruma, huruma ileile niliyowahi kumwona akimwangalia mgonjwa ambaye bado hajaambiwa.

"Kumi na wawili," akasema. "Mwaka mzima. Na mkono wa mtu haujateleza hata siku moja."

"Sista, nimewafundisha."

"Mimi pia niliwafundisha, na kila wiki mliniletea kitu. Mwanangu, hawa hawakosei kidogo. Wanakuambia kidogo. Wanakuogopa."

Nilikasirika. Nilimwambia nyakati zimebadilika, wasichana wa siku hizi bila ukali hawafanyi kazi, na yeye hajui hospitali za sasa. Aliniacha niseme yote. Kisha akauliza kama nimewahi kuwaambia habari ya yule mtoto. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na nilitaka inchaji aheshimiwe.

"Mficha uchi hazai," akasema, akachukua ungo wake.

Jumatatu nilirudi kazini na hasira yangu. Jumanne ikapungua. Jumatano asubuhi nikawakalisha wote kumi na wawili na kuwaambia: sindano mbili, vitanda viwili, na hata lile wazo la kutia alama na kunyamaza. Walirudi kazini wakipishana na mimi kwa woga, kama mtu aliyeona mzazi wake akilia.

Mchana mmoja wao akaingia ofisini, msichana wa mwaka wa kwanza wa kazi. Akafunga mlango. Akanieleza yote. Kumbe wodini kwangu walizoea kuandika bahasha za dawa za wote wanaoruhusiwa kwenda nyumbani, asubuhi kwa pamoja, ili waokoe wakati, kisha kuzijaza. Ijumaa iliyopita alijaza mbili akazipishana. Mama mmoja wa ugonjwa wa sukari alikwenda na vidonge vya kuongeza damu, naye alirudi mwenyewe Jumatatu akilalamika kwamba dawa imebadilika rangi, akabadilishiwa kimyakimya. Lakini yule mwingine, mama mjamzito asiyekuwa na sukari hata kidogo, alikuwa nyumbani na vidonge thelathini vya dawa ya sukari. Siku ya tano sasa.

Tulichukua gari la hospitali. Dereva hakuambiwa sababu, lakini aliangalia nyuso zetu, akakanyaga. Msichana alishika mlango njia yote. Mimi nilikuwa namwona yule mama ameanguka jikoni, hakuna mtu, na watoto wanamwamsha.

Tulimkuta uani, anapura ndengu kwa fimbo, tumbo mbele, jasho linamtiririka. Akashangaa kuona gari. Nikamuuliza kama ameanza dawa tulizompa. Akacheka kwa haya, akasema asamehewe, alikuwa na vidonge vya kliniki vilivyobaki, akaona asivitupe, avimalize kwanza. Akaingia ndani, akaitoa bahasha kwenye kiondo kilichoning'inia juu ya kitanda. Ilikuwa bado imebandikwa.

Nilimwambia ukweli wote palepale, msichana akiwa amesimama kando yangu. Tukampa zake.

Tulirudi mpaka tukafika barabara kubwa. Hapo msichana akasema, bila kuniangalia, "Sista, nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilikuogopa wewe kuliko nilivyomwogopea huyo mama."

Nilikuwa nimeifungua ile bahasha mapajani, nahesabu vidonge mara ya tatu, ya nne, na kila mara vilikuwa thelathini.